Uzio wa Céline

Kama uliwahi kufika Muheto miaka ile ukamkuta Honoré nyumbani, hukutoka mikono mitupu. Hilo nakuhakikishia. Ulitoka na mkungu wa ndizi, au kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, au kuku aliyefungwa miguu, hata kama ulikuja kuuliza njia tu. Mkono wa mtu yule haukuwa na mlango. Watu walimpenda kupita kiasi. Mkewe Céline alimpenda pia, ila kwa hasira kidogo, maana yule kuku mara nyingi alikuwa wake.

Basi siku moja ya Septemba, mwaka 1967, Céline alikuwa anapanda kutoka kisimani na mtungi kichwani. Alikuwa anaimba. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya kilima tangu asubuhi, na kila mwanamke wa Muheto aliyelitazama alijua maana yake: kesho au keshokutwa mvua ya kweli, halafu jembe, halafu maharagwe ardhini. Akakunja kona ya migomba, akaona nyumba yake, na wimbo ukamkauka mdomoni.

Uzio wake ulikuwa umebaki nguzo tu. Nguzo zilikuwa zimesimama pale pale, lakini ile mianzi mirefu ya kulala, iliyofungwa kwa kamba kutoka nguzo moja hadi nyingine kuzunguka ua mzima, haikuwepo hata mmoja.

Honoré alikuwa ameketi mlangoni na uso wa mtu aliyetenda jema.

"Papa," Céline alisema polepole, "bambu yangu iko wapi?"

"Nilimupatia Papa Katembo na kamio yake, ile lori ya chumvi!" Honoré akajibu kwa furaha. "Bantu banasema basoda, bantu ya bunduki, bametoka Sake, beko kwa barabara, banakula kila kitu. Papa Katembo akasema anakimbia upande wa Walikale, mpaka Omate. Lakini kule iko matope tu! Muntu hawezi kupita bila miti chini ya magurudumu. Nikamwambia, kaka, beba hii ya kulala, haiombe kungʼoa. Na iko na uzito, mama! Bambu muzuri sana!"

Mtungi ulianguka ukapasuka. Céline hakuutazama.

"Unajua ile bambu iko na nini ndani?"

"Iko na nini? Bambu iko na hewa."

"Iko na mbegu, Papa. Mbegu ya kilima yote."

Na hapa inabidi nikueleze, maana ukiwa mtu wa mbali utadhani mama huyu alikuwa na kichaa.

Kwa akina mama wa kilima kile, mbegu ilikuwa siri yao. Mwanamume aliruhusiwa kujua idadi ya mbuzi wake, mipaka ya shamba lake na umri wa mama mkwe wake, lakini kiasi cha mbegu kilichomo nyumbani hakikumhusu. Akiuliza, alichekwa. Sababu ilijulikana: mwanamume akiona maharagwe yamejaa chungu, anaona wageni, anaona karamu, anaona shemeji aliyeomba tangu mwaka jana. Mwanamke akiyaona, anaona shamba. Na kama mwanamume mwenyewe ni Honoré, basi tusiseme zaidi.

Céline alikuwa na sababu nyingine tena. Katika vita vilivyotangulia, vile vya miaka mitatu nyuma, nyumba nyingi zilikula mbegu. Yeye mwenyewe aliipika ya mwisho kwa mikono yake, akaiongeza chumvi, na watoto wakailamba sahani. Ilikuwa tamu, na ndiyo iliyomuuma zaidi. Mvua iliponyesha alisimama katikati ya shamba lake, limelimwa vizuri, halina jani la magugu, na hakuwa na punje ya kutia. Alilia pale peke yake, akalia kwa sauti. Msimu mzima alilima mashamba ya wengine ili apate kiganja cha maharagwe. Akajiapia kwamba jambo lile halitamkuta tena.

Kwa hiyo habari zilipoanza kupanda kutoka Sake, kwamba Bukavu inapigwa, kwamba watu wa bunduki wametapakaa na hakuna ajuaye huyu ni wa nani na yule ni wa nani, Céline hakungoja. Alifikiri: mwenye bunduki mwenye njaa anatafuta wapi? Anatafuta chunguni, anatafuta kwenye dari juu ya moto, anachimba chini ya kitanda. Lakini nani aibe uzio?

Akamwita jirani yake Adelaïde, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiopumzika. Wakakata mianzi minene, wakatoboa vizuizi vya ndani kwa kipande cha chuma, wakamimina maharagwe yaliyochanganywa na majivu, mekundu, meupe, meusi, yenye madoa, yote pamoja kama yalivyopandwa siku zote. Wakashindilia hadi mwanzi ukitikiswa usiseme neno. Wakaziba ncha kwa udongo na samadi. Kisha akina mama wengine wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na kikapu chake chini ya majani ya ndizi, "kumusaidia Céline na uzio." Wanaume wao waliwasifu kwa bidii. Honoré alisema hajaona uzio mzuri kama ule tangu azaliwe, na ndiyo maana, alipofika mtu wa kusaidiwa, aliutoa kwa moyo wake wote.

Sasa tuendelee.

Honoré alikuwa amesimama, mdomo wazi. "Mbegu ya... ya Adelaïde pia?"

"Ya Adelaïde. Ya Emérita. Ya kila nyumba."

"Yesu wangu," akasema Honoré, akashika kichwa.

Céline alikuwa ameshakunja kanga kiunoni. Hakumtukana bado, matusi aliyaweka kwa ajili ya njiani. Watoto walikuwa wamepelekwa juu ya kilima kwa bibi yao tangu asubuhi, basi hapakuwa na cha kumzuia. Akakimbia.

"Dada, unaenda wapi?" Adelaïde akapaza sauti kutoka kwake.

"Uzio umepanda kamio!"

Adelaïde hakuuliza mara ya pili. Alitupa ufagio akafuata, na nyuma yao wote akaja Honoré, mtu mkubwa mwenye tumbo la heshima, akikimbia kwa viatu vyake vya misa kwa kuwa ndivyo alivyokuwa amevaa kumuaga mgeni.

Barabara ya kwenda Walikale inashuka ikizungukazunguka, inakwenda huku, inarudi kule, inakutazama tena kutoka chini kana kwamba haina haraka. Lakini njia ya miguu haina adabu hiyo. Inakata moja kwa moja katikati ya mashamba ya mihogo, inaruka mfereji, inateremka kwenye majani yanayoteleza. Céline aliijua kama sakafu ya jikoni kwake. Alishuka nusu kwa miguu, nusu kwa makalio.

"Mupumbafu!" alipiga kelele bila kugeuka. "Muntu ya kugawa! Utagawa na mimi siku moja!"

"Sikujua!" Honoré alihema kule juu. "Mulinificha! Kama mungeniambia..."

"Kama tungekuambia ungeipika!"

Walipotokea kwenye bega la kilima waliliona lile lori. Lilikuwa linatambaa chini yao, limejaa magunia ya chumvi, na juu ya magunia watu, na juu ya watu vitanda, masufuria na mbuzi mmoja aliyekuwa analia. Na pembeni, imefungwa kwa kamba kwenye ubavu, mianzi ya Céline. Moyo wake uliruka kwa furaha. Ilikuwa mizima yote!

"Simama!" akaita. "Papa Katembo, simama!"

"Simama!" Adelaïde akapokea, na sauti yake ilikuwa ikisikika hadi kilima cha pili hata siku za kawaida. "Simamaaa!"

Watu wa juu ya lori waligeuka. Wakaona wanawake wawili wanateremka mbio mikono hewani, na nyuma yao mwanamume mkubwa anakimbia kama aliyeona kifo. Sasa wewe ungefikiri nini? Walifikiri hivyo hivyo.

"Banakuya!" mmoja akapiga ngumi juu ya paa la dereva. "Basoda banakuya nyuma! Kaza, Papa, kaza!"

Na Katembo akakaza. Lori lililokuwa linatambaa likanguruma, likatoa moshi mweusi, likapotea kwenye kona. Kadiri akina mama walivyoita, ndivyo lilivyokimbia.

"Funga mudomo, Adelaïde!" Céline akasema. "Tunamufukuza!"

Basi wakakimbia kimya. Walivuka bonde, wakapita chini ya migomba ya watu wasiowajua, wakatokea barabarani, lori limekwisha kupita, matairi yameacha maji yanatikisika. Wakakata tena njia ya mkato. Kifua cha Céline kilikuwa kinawaka, na bado, nisikufiche, kulikuwa na kitu kama raha ndani yake. Safari hii hakuwa amesimama shambani analia. Alikuwa anaifuata mbegu yake kwa miguu, na iko mbele pale, inasikika ikinguruma.

Kisha mngurumo ukabadilika. Ukapanda juu, ukalia, ukabaki mahali pamoja.

"Imekwama," Adelaïde akanongʼona, akafanya ishara ya msalaba.

Lilikuwa limekwama kweli, pale barabara inapovuka kijito, mahali ambapo hata kiangazi pana matope. Abiria walikuwa wameshuka. Wengine walisukuma, na wengine, Mungu wangu, walikuwa wamefungua kamba na kuilaza mianzi mbele ya magurudumu. Mmoja ulikuwa umeshaliwa nusu na tairi. Katembo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu mfupi mwenye kofia, alikuwa kwenye usukani anapasha injini.

Céline hakuita tena. Alipita katikati ya watu, akaingia matopeni hadi magotini, akakalia mianzi mbele ya gurudumu.

"Mama, toka pale!" Katembo akatoa kichwa nje. "Unataka kufa? Niko na bantu humu, niko na chumvi, na basoda beko nyuma!"

"Nyuma iko bwana yangu tu," Céline akasema. "Na yeye hana bunduki. Pita juu yangu, Papa Katembo. Mi sitoki."

Ndipo mlango wa pili ukafunguka, akashuka Kaswera, mke wa Katembo. Kila mtu barabarani alijua kwamba lori lilikuwa na dereva mmoja na mkubwa mmoja, na mkubwa hakuwa yule mwenye kofia. Alikusanya nguo yake, akaja hadi mbele ya gurudumu, akainama.

"Dada, iko nini?"

Céline alitazama abiria. Walikuwa watu waliokimbia tangu Sake, macho makubwa, mashavu yamekwisha. Aliogopa. Kutaja chakula mbele ya watu wale ilikuwa hatari kuliko kukaa mbele ya tairi. Akanongʼona sikioni mwa Kaswera, mwanamke kwa mwanamke, maneno machache tu.

Lakini hakukuwa na haja ya kunongʼona. Ule mwanzi uliokandamizwa na tairi ulilia, ukapasuka kwa urefu, na majivu yakamwagika juu ya matope, na katika majivu maharagwe: mekundu, meupe, meusi, yenye madoa.

Mbuzi pekee ndiye aliyesema. Kisha mwanamume mmoja akapiga magoti akaanza kuokota, na mwingine, na mama mwenye mtoto mgongoni akatandika kitambaa, na Céline akajua kwamba hawezi kupigana nao wote. Machozi yakamtoka palepale alipokaa.

"Hii iko mbegu!" Kaswera akapaza sauti, na sauti ile haikuwa ya mchezo. "Mutazame majivu. Muntu haweke majivu kwa maharagi ya kula. Okoteni yote, na kila muntu arudishe. Mwenye atakula moja, atatembea na miguu mpaka Omate!"

Yule mwanamume alisimama, kiganja kimejaa. Halafu akakifungua juu ya kanga ya Céline. "Kwetu pia tulificha," akasema. "Sisi tulitia chini ya mutungi. Balipata."

Wakarudisha wote. Hata yule mtoto wa mgongoni alinyangʼanywa punje aliyokuwa ameitia mdomoni, akalia sana.

Ikabaki lori. Katembo alilalamika kwamba sasa atapita kwa maombi au kwa kitu gani, na hapo ndipo Honoré alipowasili, kiatu kimoja kimepotea, jasho linatiririka. Aliona mianzi, aliona mkewe hai, akatoa pumzi. Halafu akasema lile lililokuwa ndani yake siku zote: "Niwasaidie nini?"

Wakakata matawi na majani, wakabeba mawe kutoka kijitoni. Honoré akaweka bega chini ya ubao wa nyuma, abiria wakajipanga pande zote, Adelaïde akaanzisha wimbo wa kulimia. Lori likatikisika, likazama, likatikisika tena, matope yakaruka hadi kwenye kofia ya Katembo, na ghafla likatoka likikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Watu walipiga vigelegele, wakakumbatiana wakiwa wamejaa tope, wakacheka kama wanaotoka harusini.

Kabla ya kuondoka, Céline alimwita Kaswera pembeni akamtilia kiganja cha maharagwe kwenye fundo la kitambaa. "Utie udongoni kule Omate," akasema. "Kule banachimba mawe tu. Na kama sisi huku tunapoteza yetu, nitajua fulani iko nayo." Kaswera akampa chumvi. Wakaachana hivyo, bila maneno mengi.

Waliibeba mianzi vichwani, na Honoré alibeba mingi kuliko wote bila kunungʼunika. Njiani walikutana na watu wanaokimbia, wakaambiwa wasipande Muheto, basi walilala migombani. Asubuhi walipanda kilima.

Moshi waliuona kwanza, mwepesi, wa moto unaokufa. Watu wa bunduki walikuwa wamepita na kuondoka. Wanakijiji walikuwa wanashuka kutoka juu walikojificha, wakihesabiana kwa majina, na ashukuriwe Mungu hapakukosekana mtu. Mbuzi walikuwa wamekwisha. Kuku pia. Vyungu vimevunjwa, dari zimebomolewa, chini ya vitanda pamechimbwa, kama Céline alivyosema.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Céline hakulisema, kwa sababu hakulifikiria. Aliliona alipofika kwake, akasimama kama aliyepigwa.

Nguzo zake hazikuwepo. Uzio wa Adelaïde haukuwepo. Wala wa Emérita, wala wa mtu yeyote. Katikati ya kijiji palikuwa na mashimo makubwa ya moto, na ndani yake, vyeusi, vipande vya mianzi. Wale watu walikuwa wamepika mbuzi wa Muheto usiku kucha, na kuni walizikuta zimesimama mbele ya kila nyumba, kavu, karibu, hazihitaji shoka. Hawakuacha uzio hata mmoja kwenye kilima.

Adelaïde alitazama majivu, akatazama mianzi kichwani mwa Honoré. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini.

"Kama hangeigawa..." akasema. "Dada! Kama hangeigawa!"

Ilimchukua Honoré muda kuelewa. Alipoelewa, hakujisifu. Alimtazama mkewe tu, mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja bila, akingoja kuambiwa kama ni mpumbavu bado.

Céline aliona haya, na aliona upendo, na vyote viwili vilimjia kwa pamoja hadi akashindwa kuchagua. Akachukua panga, akalitia mkononi mwa mumewe.

"Fungua weye, Papa," akasema mbele ya wanawake wote. "Na ugawe. Kila nyumba."

Akina mama walitazamana. Mwanamume, afungue mbegu! Lakini hakuna aliyebisha. Basi Honoré akapasua mianzi mmoja baada ya mwingine, na watu wakaja na vikapu, na vipande vya vyungu, na kofia, na yeye akamimina. Loo, alivyomimina! Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anagawa na mkewe hanuni. Aliwapa wenye mbegu zao, akawapa wasio nazo, akampa kikongwe mmoja mara mbili kwa sababu alimwita mwanangu. Uso wake ulingʼaa. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia shingoni akacheka.

Ndipo akageuka kuchukua ya nyumba yake mwenyewe, akaingiza mkono katika mwanzi wa mwisho, na mkono ukatoka na majivu matupu.

Honoré alitazama kiganja chake. Alitazama shamba lao, lililolimwa vizuri, jeusi, linalongoja.

"Céline," akasema, "nimegawa yote."

Céline alikuwa ameketi kizingitini tangu kazi ilipoanza, na hakuwa ameinuka hata kumsalimia kikongwe. Sasa akajivuta kando kidogo, akashusha mkono chini ya kanga yake iliyokauka matope, akatoa mwanzi mmoja mfupi, mzima, umezibwa ncha zote mbili.

"Ninakujua weye," akasema. "Lete jembe, mvua inanyesha."